Karatasi za Maandazi

Nimerudi likizo Tandika na begi la kilo ishirini na tatu,
nusu yake madaftari.
Mama alitegemea mablanketi.
Alilifungua sebuleni, akaitazama miraba,
kila mraba na neno lake kama kuku tengani,
akasema, "Haya. Karatasi nazo si haba."

Siku ya kwanza hodi hazikukoma.
Fundi Mshamu na rimoti ya feni,
Mama Zaituni na dawa ya nywele aliyokwisha kuipaka,
mtoto wa Bi Havijawa na kopo la rangi lisilo mfuniko.
"Wewe si ndiko unakosomea? Tusomee."
Nikasoma: iwekwe mbali na macho.
Mama Zaituni akaanza kupepesa.
Kwenye kopo neno moja sikulijua,
nikasema ni jina la kiwanda.
Mwaka wa pili chuoni, na bado
vipo vitu vingi duniani ninavyoviita jina la kiwanda.

Jumatano mjomba Sekulu akanipeleka Kariakoo,
duka la jumla, vitasa na bawaba.
Kununua na kuuza kwao ni mlio mmoja:
kununua kunashuka shimoni, kisha kunapanda,
kuuza kunaanguka tu, kama ndoo iliyokatika kamba.
Ukiandika, kuuza ni kununua kulikovaa kofia.
Hilo nalijua. Hilo nililipata mia kwa mia.
Lakini mbele ya yule bwana na kikokotoo chake,
jasho mgongoni, mjomba akinikanyaga mguu,
nikamwambia tumekuja kuuza.
Alicheka mpaka akakaa juu ya katoni.
"Uzeni basi," akajibu, Kiswahili cha Gerezani, kimenyooka,
"mimi nitanunua. Mna nini?"

Mjomba hakunisemesha mpaka Mtoni.

Kule Jinhua mwalimu Lu aliniandika jina kwa kufuata sauti.
Tu: udongo.
Nu: bidii.
Tunu ya mama, iliyokuja baada ya mimba tatu kuharibika,
ikawa udongo na bidii.
Sikukasirika. Asubuhi za Januari,
foleni ya maji ya moto, masikio hayapo,
nilikuwa udongo kabisa
na bidii kidogo.

Leo nimeamshwa na iliki.
Mama yuko barazani, karai linaimba,
anachana daftari la mwaka wa kwanza
na kufungia maandazi mawili mawili.
Mafuta yanapenya, wino unavimba,
maneno yangu yanaondoka na watu:
"mvua" kaenda na mwanafunzi,
"samahani" kaenda na muuza mkaa,
hakuna aliyegeuza karatasi kutazama.

Kisha anafika kwenye ule ukurasa.
Neno moja, mara mia na ishirini.
Niliuandika usiku wa Idi, bwenini, peke yangu,
kwa sababu simu iliisha chaji
na kwa sababu mkono ulikuwa unataka kitu cha kufanya.

"Hili umelirudia sana," anasema, kidole kina unga.
"Ulikuwa unalikosea?"
"Nyumbani," nasema. "Hii hapa juu ni paa."
"Na huyu aliyelala chini ya paa?"

Natazama karai.
Natazama kanga ya swala iliyotundikwa mlangoni.
Ni nguruwe, mama.
Walimweka humo waliotunga maandishi, miaka na miaka,
nami nimemchora mara mia na ishirini
nikikulilia wewe.

"Mfugo," nasema.
"Mbuzi?"
Mlinzi aliyetoka zamu anangoja chenji yake.
"Kama mbuzi."

Mama anauinua ukurasa kwenye mwanga wa taa,
anaukazia macho kama anayekagua noti.
"Miguu imezidi," anasema,
anaukunja, anatia mawili ya moto,
anampa mlinzi.